SIMU MKONONI, NJIA UGENINI



Imetufikia barua ya kijana mmoja, ambaye jina lake tumelihifadhi, akitueleza ya kuwa amejaaliwa kukusanya nauli ya kumpeleka mama yake Umra, na kwamba wao wawili hawajapata kutoka nje ya nchi hata siku moja. Mama ni mtu mzima, miguu yake si mizuri sana, na kusoma hajui isipokuwa Msahafu. Kijana asema: "Mwalimu, mimi sina wasiwasi wa njia, kwa kuwa simu yangu ina ramani ya dunia nzima. Lakini mama ana khofu ya kupotea, na kila usiku haniachi na swali hilo. Nimwambie nini atulie?"

Nilipoisoma barua hii nilicheka kidogo, kisha nikaacha kucheka, maana maneno hayo ya "mimi sina wasiwasi wa njia" niliyasema mimi mwenyewe katika mwaka 2023, tena kwa sauti kubwa, mbele ya watu. Basi jibu la kijana huyu halitakuwa fupi, naye atuwie radhi. Wazee wenye nia ya kusafiri, na vijana waendao ng'ambo kusoma, huenda nao wakapata humu la kuwafaa.

Kwanza yatupasa tujue chombo chenyewe ni kitu gani, kwani watu wengi hudhani ya kuwa simu yajua njia kama mwenyeji aijuavyo. La. Kazi yake ni kusikiliza. Juu angani, mbali na ardhi kiasi cha kilomita 20,000, zazunguka setilaiti za Marekani, ambazo ya kwanza yao ilirushwa mwaka 1978, na mpango mzima ukatimia mwaka 1995. Siku hizi ziko na za Warusi, za nchi za Ulaya, na za Wachina. Kila setilaiti yatangaza bila ya kukoma mambo mawili: ni saa ngapi, na yenyewe iko wapi. Simu huyasikia matangazo hayo, ikapima yamechukua muda gani kufika, na kwa muda huo ikajua umbali. Ikizisikia setilaiti nne au zaidi huweza kupata mahali iliposimama. Mahali peupe pasipo majumba marefu, makosa yake aghalabu ni kama mita 5. Hata Mei ya mwaka 2000 Wamarekani walikuwa wakiyachafua kwa makusudi matangazo yaendayo kwa raia, ikawa makosa yaweza kufika mita 100. Walipoacha, ndipo chombo hiki kikaanza kumfaa mtu aendaye kwa miguu, ambaye mita 100 kwake ni mtaa mwingine.

Sasa angalia, msomaji, mambo mawili yatokayo humo. La kwanza ni kuwa kusikiliza huko hakuna malipo wala hakuna haja ya intaneti. Chenye haja ya intaneti ni ramani, yaani ile picha ya barabara na majumba. Kwa hivyo mtu aliyeihifadhi ramani ya Makka na ya Madina ndani ya simu yake akiwa bado yuko nyumbani, atakiona kile kidoti cha buluu kikitembea juu ya ramani hata kama hajanunua laini ya huko. (Ila baadhi ya programu, pasipo intaneti, hazimpi mtu wa miguu maelekezo ya kona kwa kona. Zamwonyesha alipo tu, na njia aitafute kwa macho yake. Jambo hili lijaribiwe nyumbani, lisingojewe huko.)

La pili ni kuwa asikilizaye aweza kuzibwa masikio. Makka ni mji wa milima, na kwa sababu hiyo ni mji wa mahandaki. Ukiingia handakini simu haisikii kitu. Na ukipita baina ya mahoteli marefu yaliyouzunguka Msikiti Mtukufu, matangazo hugonga kuta yakarudi kama mwangwi, na simu ikadhani umesimama barabara ya pili. Utakiona kidoti kimeruka upande wa pili wa jengo na wewe hujainua mguu. Hapo ndipo wageni wengi huanza kuzunguka jengo moja mara tatu. Kadhalika ule mshale uonyeshao umeelekea wapi hutegemea dira ya sumaku iliyomo ndani ya simu, na sumaku huharibiwa na chuma kilicho karibu, na mahali penye majengo makubwa chuma hakikosekani. Dawa yake ni nyepesi: usiuamini mshale mpaka umekwenda hatua ishirini. Kidoti kikisogea upande uutakao, endelea. Kikisogea kinyume, geuka.

Wazee wetu waliosafiri kwa majahazi walikuwa na nyota, nazo Mwenyezi Mungu amezitaja katika Sura An-Nahl, aya ya 16, kuwa watu hujiongoza kwazo. Setilaiti ni vyombo vya binadamu, lakini kazi yake haiko mbali na ile: kitu kilicho juu, kijulikanacho mahali pake, nawe uliye chini wajipima kwacho. Tafauti ni kuwa nahodha alikuwa akipima mwenyewe. Sisi twapimiwa.

Nirudi katika mwaka 2023.

Mwenyezi Mungu alinijaalia kwenda Hija pamoja na mjomba wangu, mzee aliyepita miaka sabini, ambaye umri wake wote ameumaliza baharini katika uvuvi, huko kwetu Tanga. Mimi nilikuwa na simu mpya, niliyotengenezewa ramani zake na mwanafunzi wangu wa zamani. Mjomba alikuwa na kisimu cha vifungo ambacho hata laini ya huko hakukitilia. Tulifika Mina usiku. Basi liliposimama na abiria wakaanza kushuka, nikatoa simu yangu, nikatia alama juu ya ramani pale pale nilipoketi, nikaiandika "Hema," kisha nikamwambia mjomba na wenzetu yale maneno ya kuwa sina wasiwasi wa njia. Kiongozi wa msafara akatugawia kadi za kuvaa shingoni, zenye namba ya kambi yetu. Mjomba akaivaa yake. Mimi yangu niliitia mkobani, na mkoba nikauacha hemani.

Aijuaye Mina atakuwa amekwisha kuliona kosa langu. Mina ni bonde lililo baina ya milima, mashariki ya Makka, na bonde hilo limejaa mahema meupe, zaidi ya laki moja, ya umbo moja na rangi moja. Yamekuwa hivyo baada ya moto wa mwaka 1997, ulioua mahujaji zaidi ya 300, ndipo Serikali ya Saudia ikaondoa mahema ya kitambaa cha kawaida ikajenga haya yasiyoshika moto. Ni neema kubwa, walakini mgeni aliyesimama katikati yake ni kama mtu aliyesimama ndani ya shamba la mkonge: kila upande atakaotazama ni ule ule. Katika mahali kama hapo mimi nilikuwa nimetia alama ya basi, si ya hema. Na toka basi hata hema tulikwenda kwa miguu, tukikunja kulia na kushoto, nyuma ya kiongozi, sote tumechoka, wala hapana aliyehesabu.

Asubuhi ya Idi, tuliporudi kutoka Muzdalifa, tuliweka vitu vyetu hemani kisha tukashika njia ya Jamarat kutupa mawe. Jengo la Jamarat lina ghorofa kadhaa, na mahujaji huingia upande mmoja wakatokea upande mwingine. Hapana kurudi ulikotoka. Tulipokwisha kutupa, katika ule msongamano wa kutoka, niligeuka nikamkosa mjomba. Nilimtafuta kwa muda wa saa nzima. Jua lilikuwa kali, nami nimeishika simu mkononi imetazamana na jua, mara ikaandika kuwa imepata joto kupita kiasi na haina budi kupoa. Iliporudi, chaji ilikuwa imebaki robo. Nikasema moyoni, bora nirudi hemani nikatoe khabari kwa kiongozi kuwa mzee amepotea.

Nikaifungua ile alama. Simu ikanichorea njia iliyo fupi kuliko zote, nayo ilikuwa ni kurudi kule kule watu walikokuwa wakija, uso kwa uso na maelfu ya mahujaji. Askari akanizuia, akanionyesha kwa mkono nifuatane na wenzangu. Nasema kweli, nilikasirika. Niliona huyu hajui, na simu yangu yajua. Nilipotulia ndipo nilipoikumbuka siku ya tarehe 24 Septemba 2015, hapo hapo Mina, katika makutano ya barabara namba 204 na namba 223, makundi mawili ya mahujaji yalipokutana yakasongana. Serikali ya Saudia ilitaja waliofariki kuwa 769, na hesabu zilizokusanywa kutoka nchi za mahujaji wenyewe zikazidi 2,000. Mwenyezi Mungu awarehemu. Ramani huchora barabara, haichori watu waliomo barabarani, wala haijui kuwa leo asubuhi njia hii ni ya kwenda tu na ile ni ya kurudi tu. Askari wa njiani ndiye ajuaye, na neno lake litangulie la simu siku zote.

Basi nikaenda kwa ile njia ndefu, na simu ikanifikisha, kwa uaminifu kabisa, kando ya barabara, chini ya nguzo ya taa. Ikaniambia: "Umefika." Wala haikusema uongo, hapo ndipo basi letu lilipokuwa limesimama. Baada ya kitambo ikazimika.

Huko Mina kila mwaka husimama vijana wa skauti wa Kisaudia kwa ajili ya kuwaongoza mahujaji waliopotea. Wawili kati yao waliniona nimeketi kivulini, wakaja kuniuliza kwa Kiarabu namba ya kambi yangu. Mimi nasomesha watoto Kiarabu. Lugha nilikuwa nayo, namba sikuwa nayo. Ikawa kazi ya kwenda kambi hata kambi kuuliza, "Tanzania? Tanzania?" mpaka tukafika, na alasiri imekaribia.

Mjomba amekaa juu ya godoro lake, amekwisha kunyoa kichwa, na kikombe cha chai mkononi. Akaniuliza: "Ulipitia wapi, baba?"

Nilipotulia nami nilimwuliza yeye amefikaje, naye akastaajabu na swali. Alisema ya kuwa alipotoka katika lango la kambi aligeuka nyuma, akatazama kitu gani kimesimama mbele ya kitu gani: mlingoti ulioko juu ya mlima ulikuwa umeangukiana sawasawa na ncha ya daraja. Penye njia panda akageuka tena, na penye njia panda ya pili vile vile. Hivi ndivyo wavuvi wetu wapatavyo mwamba ulio chini ya maji: huoanisha mnazi na mnara wa msikiti upande mmoja, na kilima na nyumba nyeupe upande wa pili, na pale mistari miwili ikutanapo ndipo watupapo nanga. Alipotokezwa upande mwingine wa Jamarat aliutafuta ule mlingoti kwa macho, akaenda mpaka ukaangukiana na daraja. Alipofika karibu, akamwonyesha askari kadi yake ya shingoni.

Kinachonitia haya hata leo si kupotea. Ni kuwa muda wote ule nilikuwa na yakini kwamba yeye ndiye aliyepotea.

Wala jambo hili si la kuchekea, kwani mwaka uliofuata joto katika Msikiti Mtukufu lilipanda hata nyuzi 51.8 za Selsiasi, na Serikali ya Saudia ilitangaza kuwa watu 1,301 walifariki katika Hija hiyo ya 2024. Asilimia 83 kati yao walikuwa wameingia bila ya kibali, na kwa hivyo hawakuwa na hema wala basi, wakatembea masafa marefu juani pasipo kivuli. Hao hawakufa kwa kukosa ramani. Lakini jua lile halimwulizi mtu kwa nini anatembea. Kwa mzee, nusu saa ya kupotea saa saba ya mchana ni maradhi, na saa mbili ni khatari ya roho. Bahati njema, ewe kijana, Umra haina msimu mmoja kama Hija. Kama hiari i mkononi mwako, usimpeleke mama tangu Juni hata Septemba. Na kama huna hiari, basi tokeni usiku na alfajiri, na mchana mkae ndani.

Sasa twende katika mambo yenyewe ya njiani.

Alama ya mahali mnaposhukia itiwe mkiwa mmesimama mlangoni mwa hoteli, si ndani ya gari, wala si ndani ya jengo ambamo simu haisikii vizuri. Ikisha kutiwa, ijaribuni siku ile ile: nendeni hatua mia, kisha rudini kwayo. Jina la hoteli lisiandikwe kwa kusikia tu, kwa kuwa majina ya hoteli za Makka yafanana mno, na moja yaweza kuwa na matawi mawili. Chukua kadi yenye anwani kutoka mezani pa hoteli, uipige picha, na kadi yenyewe akae nayo mama.

Barabara za huko magari hupita upande wa kulia. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tumezoea magari ya kushoto, na shingo zetu, tukitaka kuvuka, hugeuka kulia kwanza bila ya sisi kufikiri. Huko gari la kwanza latokea kushoto. Ongeza juu yake mtu ameinamisha kichwa anatazama kidoti cha buluu, na msiba u tayari. Nilimwona ndugu mmoja, tena mtu wa elimu, akiteremka barabarani huku simu yamwambia "endelea mbele." Ilikuwa kweli mbele ndiko kwenye njia. Mwenzake alimvuta kwa nguo. Sheria yetu iwe hii: mwenye kutazama simu asimame, na mwenye kutembea aitie simu mfukoni.

Na akisimama, asisimame katikati. Mtume (S.A.W.) aliwafundisha Masahaba haki za njia, na katika hizo ni kuzuia maudhi. Mtu aliyesita ghafula mbele ya mkondo wa watu watokao sala ya Ijumaa, ili apate kuizungusha ramani, amekuwa jiwe katikati ya mto. Ajisogeze ukutani kwanza. Ndani ya tawafu ndiyo kabisa: hapana la kutafuta humo kwa simu, Kaaba iko mbele ya macho.

Katika Makka iko alama moja ambayo hakuna simu ishindayo, nayo ni ule mnara wa saa, uliokamilika mwaka 2012 na urefu wake mita 601. Waonekana kutoka mbali sana, usiku na mchana. Mfundishe mama kuwa mnara huo uko upande wa kusini wa Msikiti, ukitazamana na mlango wa Mfalme Abdulaziz. Aliye msikitini akiuona mnara amekwisha kujua kusini ni wapi. Lakini ajihadhari aliyepangishwa nyuma ya mnara, maana yeye akiufuata bila ya kufikiri ataona ukuta wa hoteli, na Msikiti uko upande wa pili.

Madina ni mji wa amani na njia zake ni rahisi zaidi, ila ua wa Msikiti wa Mtume ni mpana mno, na ile miavuli mikubwa 250 kila mmoja ni kama mwenziwe. Watu hawapotei mjini, hupotea uani. Wanawake wana milango yao na sehemu zao za kusalia, basi mwanao na mama lazima mtaachana, na hapo ndipo penye khofu ya kweli ya mama, nami namwelewa. Milango ya Msikiti ina namba. Msiagane kwa maneno ya "tukutane nje." Agana naye namba ya mlango mmoja, mwende mkauone pamoja mchana kabla ya sala, mguse nguzo mtakayosimama chini yake. Kuba la kijani liko pembe ya kusini mashariki, upande wa kibla; hilo nalo alijue, limsaidie kujua amegeukia wapi.

Mama hajui kusoma isipokuwa Msahafu, wasema, kana kwamba hilo ni upungufu. Huko ni mtaji! Vibao vya Makka vimeandikwa kwa herufi azijuazo yeye kuliko nyinyi mlioishia kusoma za kizungu. Mfundishe maneno mawili tu, dukhul ni kuingia na khuruj ni kutoka, naye ataongoza. Na hesabu za Kiarabu azijue vizuri, kwa sababu tano yao yafanana na sifuri yetu, na sifuri yao ni nukta tu. Nimewaona vijana wenye shahada wakitafuta chumba ambacho hakipo.

Kuhusu simu zenyewe: ile programu ya kupelekeana ujumbe mnayoitumia nyote, WhatsApp, inaweza kumwonyesha mwenzio mahali ulipo, ama mara moja, ama kwa kukufuata kwa dakika 15, kwa saa moja au kwa saa nane. Ni jambo jema kati ya mtoto na mzazi, na lianzishwe kabla ya kuachana, si baada ya kupotezana. Lakini hili lataka intaneti kwa wote wawili, na laini ya huko hununuliwa kwa pasipoti, na yule wa kumwelekeza mama kubonyeza ni wewe mwenyewe, nawe hutakuwapo. Usilitegemee peke yake. Betri ya akiba ichukuliwe, na simu ikae kivulini, ndani ya mkoba, isioshwe jua kama yangu.

Na kwa vijana waendao London au miji mingine mikubwa ya Ulaya, kwao kuna jambo jingine nisilolisahau, ingawa si la barua hii. Huko mtu aliyesimama ukingoni mwa barabara ameinyosha simu mbele yake, wezi wapitao kwa baiskeli na pikipiki huipokonya mkononi wakaenda zao, na pamoja nayo huenda ramani, anwani, na namba za jamaa wote. Namba mbili tatu ziwe kichwani, au katika karatasi ndani ya kiatu. Tazama ramani ukiwa dukani au ukiwa umeegemea ukuta, uhesabu kona: ya pili kulia, ya kwanza kushoto, msikiti mkono wa kuume. Kisha nenda.

Sasa umwambie nini mama atulie? Usimwambie ya kuwa simu yajua. Mwandikie kwa mkono wako, kwa Kiarabu, jina lake, jina la hoteli na mtaa wake, na namba yako ya simu ya huko utakapoipata. Karatasi hiyo aivae shingoni ndani ya mfuko wa plastiki, hata akienda kutawadha. Kisha, tangu wiki hii, baada ya sala ya Alasiri, mpeleke mitaa ya mji wenu asiyoizoea. Kila kona mwambie ageuke nyuma atazame, akutajie alichokiona. Mkifika mbali ya kutosha, wewe nyamaza, mwache yeye atangulie kuwarudisha nyumbani. Akikosea, usimsahihishe upesi. Fanyeni hivyo mara tano sita kabla ya safari, na wewe simu yako iwe mfukoni.

Tutafurahi kupata barua yenu mtakaporudi, inshaallah, na salamu zetu zimfikie mama.

Wassalaamu alaykum.